Kapiteni Mbaye Diagne alivunja amri, ao alifanya kazi yake?

"Jambo Mwalimu. Mimi niko Bukavu. Mama mukubwa wangu eko na miaka 68, mu 1994 alikuwa anaishi Kigali kwa bwana yake, na bwana yake walimuuwa kule. Alituambiaka tangu tuko watoto kama musoda mumoja wa ONU (Umoja wa Mataifa), mweusi, murefu, alimuingiza mu gari nyeupe na watu wengine wawili akawapitisha ku mabariere mpaka hoteli Mille Collines. Juzi nikaona picha ya kapiteni Mbaye Diagne wa Senegal mu telefone, nikamuonyesha, akanyamaza, kisha akalia siku yote. Sasa mujomba wetu, musoda wa zamani wa FAZ, lile jeshi la Zaire la wakati wa Mobutu, anasema ule kapiteni alivunja amri ya wakubwa wake, na musoda mwenye kuvunja amri hapewi medali, anapewa kashoo (gereza), walimupa tu juu alikufa. Nani eko na haki? Na mama mukubwa anaweza kujua kama ni yeye kweli? Na tukitaka kushukuru, kisha miaka yote hii, tunaanzia wapi?"

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara tatu mbele ya kuanza kuandika. Naona unauliza maswali tatu lakini mimi nasikia moja: yale machozi ya mama mukubwa yalianguka juu ya mutu wa kweli, na ule mutu alikuwa wa kuheshimiwa ao hapana? Nitajibu polepole, na naomba mujomba naye asomewe, juu anachosema hakiko kitu cha kutupa. Mutu aliyefundishwa mu FAZ anajua bei ya amri.

Nianze na kapiteni mwenyewe. Mbaye Diagne alizaliwa 1958 kule Senegal, akasoma Dakar mpaka université, kisha akaingia jeshi akatoka officier. Mbele ya Rwanda alikuwa ametumika Casamance, kusini ya nchi yake, kwenye kulikuwa vita ya waasi, kwa hiyo hakuwa mutoto mu mambo ya masasi. Mu 1993 akatumwa Rwanda kama observateur, kwanza kwa Umoja wa Afrika wa wakati ule (OUA), kisha akaingia mu misioni ya ONU yenye waliita MINUAR. Na hapa njo neno la kwanza mujomba anapaswa kulishika: observateur hana bunduki. Kazi yake ni kuona, kuandika, kuongea na pande zote mbili, kuleta ripoti. Alikuwa kati ya Kigali yenye kuwaka moto na mikono mitupu, akiwa na beré ya bluu, gari nyeupe na kinywa chake.

Tarehe 7 mwezi wa 4 mwaka 1994, asubuhi kisha ndege ya raisi Habyarimana kuangushwa, waaskari wakamuuwa waziri mkuu Agathe Uwilingiyimana, na Wabeleji 10 waliokuwa wanamulinda nao wakauawa siku ile ile. Watoto wa ule mama walikuwa wamefichwa karibu pale, mu nyumba za wafanyakazi wa ONU. Diagne akasikia, akaenda bila kutumwa, akawatosha, akawaleta Mille Collines, na kisha wakapata njia ya kutoka inchi. Ile njo ilikuwa ya kwanza. Kuanzia pale hakuacha. Alikuwa anachukua watu kidogo kidogo, watatu, wane, watano, wenye wanaweza kuingia mu gari, anapita nao bariere moja, mbili, kumi, anarudi tena kutafuta wengine. Ku bariere alikuwa anacheka na Interahamwe, wale wanamugambo wenye walikuwa wanauwa Watutsi, anawapa sigara, anatoa franga, anaongea nao mpaka wanaregeza mupanga. Wenye walitumika naye wote wanarudia neno moja juu yake: alikuwa mutu wa kucheka, kila bariere ilimujua.

Aliokoa wangapi? Utasikia mia kadhaa, utasikia 600, utasikia 1,000. Hakuna daftari, ndugu yangu. Mutu mwenye kuficha watu haandike majina yao, ile karatasi ikikamatwa ni kifo. Kwa hiyo mutu akikupa hesabu kamili ya mwisho, usimuamini sana, lakini kwamba walikuwa wengi, ile haina ubishi.

Sasa amri. Mujomba eko na haki nusu. MINUAR ilitumwa chini ya ile sura ya 6 ya sheria ya ONU, maana yake misioni ya kusaidia mapatano ya Arusha kati ya serikali na waasi wa FPR, haikuwa misioni ya kupigana. Maagizo kutoka New York yalikuwa: musiingilie, musijiweke mu hatari. Tarehe 21 mwezi wa 4, wakati watu wanachinjwa kila saa, Baraza la Usalama likakaa likapunguza ile misioni mpaka watu 270 hivi kwa karatasi, kutoka 2,500 waliokuwako. Nikisoma ile azimio namba 912 mpaka leo tumbo inakauka. Kwa hiyo ndiyo, kama unashika maneno ya karatasi, observateur mwenye kupitisha watu wenye kutafutwa ku mabariere alikuwa anafanya kitu chenye hakutumwa.

Lakini kuna nusu ingine yenye mujomba aliruka. Amri ya "usipige" haiko sawa na amri ya "acha watu wafe". Diagne hakupiga mutu hata mumoja, hakuwa hata na kitu cha kupigia. Hakukimbia kazi, hakutukana mukubwa. Na mukubwa wake, jenerali Roméo Dallaire, Mukanada, alijua yenye kapiteni anafanya. Hakumuandikia amri ya kufanya vile, juu hakuwa na uwezo wa kuiandika, lakini hakumukataza pia. Musoda wa zamani ataelewa hii vizuri kuliko mimi: komanda akijua, akaona, akanyamaza, na angeweza kukurudisha kwenu ku ndege ya kesho, kunyamaza kwake ni jibu. Waulize wazee wa jeshi lolote, watakuambia kazi mingi ya maana inapitaka pale, katikati ya yenye imeandikwa na yenye mukubwa anakubali kwa macho.

Na angalia tena maneno ya ile medali yenyewe, juu hapa njo kesi inaisha. Tarehe 8 mwezi wa 5 mwaka 2014 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2154, Jordan njo ilileta ile karatasi, na wakaanzisha "Medali ya Kapiteni Mbaye Diagne ya Ushujaa wa Pekee". Inapewa musoda, polisi ao raia wa ONU mwenye kuonyesha ushujaa mbele ya hatari kubwa WAKATI ANATIMIZA kazi ya misioni yake. Umeona? Lile lile Baraza lenye lilipunguza misioni mu 1994 njo lilikuja kusema kisha miaka 20 kama kazi yenye Diagne alifanya ilikuwa njo kazi yenyewe ya misioni. Hawakumusamehe kosa. Mimi naisoma kama kukubali kama kosa halikuwa lake.

Na ile ya "walimupa juu alikufa" nayo haisimame. Kufa peke yake kuko na medali ingine, inaitwa ya Dag Hammarskjöld, ule katibu mukuu mwenye alikufa mu ndege karibu na Ndola mu 1961 akienda kuongea na Tshombe mambo ya Katanga. Ile inapewa kila mutu mwenye kufa mu kazi ya kulinda amani, na wamekwisha kuwa zaidi ya 4,000 tangu 1948. Ya Diagne ni ya watu wa kuhesabu ku vidole, na sheria yake haisemi mutu awe amekufa. Kisha Diagne mwenyewe, ilipewa mu 2019 Chancy Chitete, Mumalawi, na huyu alikufa kwetu hapa, mu Beni, mwezi wa 11 mwaka 2018, kule Kididiwe wakipigana na waasi wa ADF. Mwenzake wa Tanzania, koplo, alikuwa ameumia hawezi kutembea, masasi inanyesha, Chitete akarudi akamuvuta akamutosha pale, akaanza kumufunga kidonda, njo wakamupiga. Ule Mutanzania alipona. Chitete hakuwa officier, alikuwa musoda wa chini kabisa, na medali yake iko na jina la kapiteni Musenegali. Kisha mu 2022 ikapewa kapiteni wa Tchad, Abdelrazakh Hamit Bahar, aliyekufa Mali. Nikiwa mu darasa hapa Goma nazungumuzaka sana juu ya Chitete, juu watoto wetu wanajua ONU kwa mawe na kelele za barabarani, na hasira yao ninaielewa, lakini ule kijana wa Malawi naye ni sehemu ya hii hadisi.

Kapiteni alikufa namna gani? Tarehe 31 mwezi wa 5 mwaka 1994. Alikuwa peke yake mu gari, anarudi ku makao ya ONU na barua ya mukuu wa jeshi la serikali kwa Dallaire. Akasimama ku bariere. Bombe ya mortie yenye ilipigwa kutoka upande wa FPR ikaanguka nyuma ya gari, chuma ikapita ku kioo ikamupiga kichwa. Alikuwa na miaka 36, bibi na watoto wawili wadogo wakimungojea Dakar. Wenzake hawakuwa hata na mufuko wa kuwekea maiti, ikabidi waunganishe bâche ya bluu ya UNICEF wamufunge ndani. Mutu mwenye alipita kila siku kati ya mapanga na akapona aliuawa na bombe yenye haikumutafuta yeye. Hapo mimi sinaga maelezo, naachaga tu vile.

Sasa mbona ilichukua miaka 20, na hata 22, juu ile medali bibi yake aliipokea ku mikono ya Ban Ki-moon New York tarehe 19 mwezi wa 5 mwaka 2016? Serikali ya Senegal ilimuheshimu mbele, na Rwanda pia ilimupa medali yake mu 2010. Lakini ONU yenyewe, azimio 2154 linakubali kwa maneno yake, kwa masikitiko, kama jamaa yake haikupata hata neno la shukrani kutoka New York kisha kifo chake. Hata barua. Kitu ni hiki: mutu aliyekufa hawezi kuomba heshima yake. Ushujaa wa aliyekufa unakaa mu vinywa vya walioona, na walioona wa Kigali walitawanyika, wengine wakafa, wengine wakanyamaza kama mama mukubwa wako. Wenye hawakunyamaza njo walifanya kazi: Dallaire, mwandishi Mark Doyle wa BBC mwenye alikuwa naye kule, wenzake wachache wa ONU. Walirudia ile hadisi mwaka kwa mwaka mpaka wakubwa wakashindwa kuziba masikio. Hakukuwa dosie iliyojitembeza yenyewe, walikuwa watu wenye walikataa kusahau.

Kwa hiyo nakuja kwa swali langu la roho, la mama mukubwa. Anaweza kujua kama ni yeye? Pengine ndiyo, pengine hapana, na nakuomba usimupe jibu wakati yeye mwenyewe hajaongea. Juu wenye walipitisha watu kule hawakuwa mutu mumoja. Kulikuwa Wasenegali wengine. Kulikuwa Waghana, mamia, wenye walibakia Kigali wakati wengine wanapanda ndege, na kazi yao haisemwi vya kutosha. Kulikuwa Watunizia, na waobservateurs wa inchi zingine za Afrika. "Mweusi, murefu, beré ya bluu" inaingiza watu wengi.

Na kuna jambo la kichwa chetu sisi wote. Kumbukumbu haikae mu kabati kama shati, kila siku ukiitosha unaishona upya kidogo. Ukimuonyesha mutu picha, ile sura inaingia mu kumbukumbu ya zamani na kukaa pale kama ilikuwako tangu mwanzo, na mutu hadanganye, anaona kweli. Mimi nilikuwa na miaka 15 hapa Goma wakati wakimbizi waliingia mu mwezi wa 7 mwaka 1994, watu kama maji, na kisha kolera, maiti kando ya barabara imefungwa mu mikeka. Miaka mingi nakusanyaka hadisi za wakati ule. Mzee mumoja wa Katindo aliniapia kama aliona Wafaransa wa Turquoise, ile operasioni ya jeshi la Ufaransa, ku aéroport mu mwezi wa 5, alikumbuka mpaka rangi ya gari. Turquoise ilianza tarehe 22 mwezi wa 6. Mzee hakuwa muongo, miezi mbili ilikuwa imeshikana mu kichwa chake ikawa moja. Tangu siku ile mimi naulizaga tarehe mbele ya sura.

Basi picha amekwisha kuiona, hatuwezi kuirudisha. Usimuonyeshe zingine, na video za kapiteni ziweke mbali kwanza. Siku yenye eko na nguvu, muulize vitu vyenye picha haina. Ilikuwa mbele ya Pasaka ao nyuma? (Mwaka ule Pasaka ilianguka tarehe 3 mwezi wa 4, kwa hiyo ni nyuma, lakini ataweza kuhesabu kutoka pale: juma ngapi kisha Pasaka?) Kama ni mwezi wa 6, hakuwa Diagne, alikuwa amekwisha kufa. Ule musoda aliongea luga gani? Diagne alikuwa anaongea Kifaransa, Waghana wanaongea Kingereza, na mutu mwenye hofu hakumbuke maneno lakini anakumbuka kama alielewa ao hakuelewa. Alikuwa na bunduki? Kama alikuwa nayo ku bega, haiko observateur. Alikuwa peke yake ao na wenzake? Alifanya nini ku bariere, alicheka, alitoa sigara, ao alikaza uso? Bendera ku mukono usiitegemee sana, ya Senegal na ya Ghana zote ziko na nyekundu, manjano na majani kibichi na nyota katikati, hata mimi ningechanganya siku ile. Na hao wawili wengine mu gari walikuwa nani, majina, mutaa? Hilo njo swali la zahabu, juu kama mumoja bado eko muzima, mahali, ushuhuda mbili zinasimama kuliko moja.

Rekodi sauti yake ku telefone, kwa Kiswahili chake vile anaongea, usimukate, usimusaidie jina. Mwanzoni sema tarehe na ku nyumba ya nani. Akisema "sikumbuki" uache ibaki "sikumbuki", ile njo inafanya yenye kubakia iaminiwe. Weka kopi mbili, moja usiiache mu telefone ile ile.

Lakini sikia vizuri hapa. Umesema alilia siku yote. Kulia siku moja kisha kimya ya miaka mingi hakuniogopeshe, pengine ni mulango umefunguka. Kama kuanzia pale halale, anaamuka na kelele, anakataa kula, anashtuka gari ikisimama inje, anaanza kuongea kama vile eko tena 1994, basi rekodi iache, haina haraka kushinda yeye. Mupeleke kwa mutu wa kazi ile, uso kwa uso: hapo Bukavu kuko wasaikolojia wa hospitali ya Panzi, na kuko SOSAME kwa mambo ya kichwa, na kwenda kule haiko kusema mutu eko wazimu. Na akisema anataka kujiua, mupeleke siku ile ile, usingoje juma. Hata kama hana ishara hizo, kaa naye jioni yenye ameongea, usimurudishe peke yake mu chumba. Mimi naweza kukusaidia na tarehe na majina ya misioni, lakini kumushika mukono sitaweza nikiwa hapa.

Sasa kushukuru. Njia ziko tatu na kila moja iko na bei yake. Kituo cha kumbukumbu cha Gisozi, Kigali, kiko na mahali pa kuweka shuhuda, na pale sauti yake itabakia wakati sisi wote hatuko, lakini kwa wakati huu wetu, na mupaka huu wetu wa Congo na Rwanda, jamaa yote ikae kwanza iongee kama inataka, juu ushuhuda ukiwekwa haurudi mu mufuko. Mama mukubwa njo wa kukata neno, haiko wewe na haiko mujomba. Ya pili, ubalozi wa Senegal unaweza kufikisha barua kwa jamaa ya kapiteni, na hii njo mimi ningeanza nayo: karatasi moja, Kifaransa chepesi, bila kusema "ni yeye" kama hamujajua, museme tu "mwaka ule musoda wa beré ya bluu alinipitisha, nimeona jina la muntu wenu, ninashukuru." Watoto wake walikuwa wadogo sana wakati baba alikufa. Hata kama ule wa mama mukubwa alikuwa Mughana, ile barua haitakuwa uongo. Ya tatu ni kutangaza mu intaneti na jina na sura yake, na hiyo nakukataza kabisa kwa sasa, mutu wa miaka 68 hapaswe kuamuka na matusi ya watu wenye hawamujui.

Mujomba naye mupe kazi. Yeye anajua alama za bega, anajua tofauti ya bunduki na bunduki, anajua namna musoda anasimama ku bariere. Siku ya rekodi akae pale, asiulize kwanza, asikilize. Kisha mama mukubwa akimaliza, njo amuulize ule musoda alikuwa amevaa nini ku kiuno, na munitumie jibu pamoja na tarehe, nitatazama ku majina ya vikosi vyenye vilibakia Kigali juma ile.